Mtoto, Bahari na Lango: Historia Fupi ya Likizo ya Hoteli ya Ufukweni

Ndugu zangu,



Kila ukikaribia mwezi wa Disemba, au skuli za Ulaya zinapofungwa mwezi wa Julai, husikia habari moja kutoka kwa jamaa na marafiki: fulani anakwenda nyumbani, lakini safari hii hafikii kwa watu, keshachukua chumba hoteli ya ufukweni kwa sababu ana mtoto mdogo. Chakula kipo, bwawa la watoto lipo, lango lina askari, mtoto hana pa kupotelea. Wazee husikitika kidogo, halafu hunyamaza. Sisi tuliosoma historia tuna mazoea ya kuandika juu ya masultani, misafara na mikataba, na jambo kama hili tunaliona la mzaha. Mimi siloni hivyo. Likizo ya familia yenye mtoto anayesimama dede, ndani ya hoteli ya bahari, ina historia ya karibu miaka mia tatu. Historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini hoteli hizi zina ukuta, na kwa nini bibi wa mtoto yule yule hwenda akabaki nje ya ukuta. Naomba subira yenu nilieleze kwa mpango.

Tuanze Uingereza, ambako nimeishi na kusomesha zaidi ya miaka ishirini na mitano, kwa sababu mambo haya khasa yalianzia huko.

Mwingereza wa zamani hakuwa na habari ya kukaa ufukweni akafurahi. Bahari kwake ilikuwa kazi ya wavuvi, njia ya maadui, na mahali pa kuzama. Waliombadilisha ni madaktari. Katika miaka ya 1620 iligunduliwa chemchemi ya maji ya madini pale Scarborough, mji wa pwani ya Yorkshire, wenye nafasi wakaanza kwenda kuyanywa. Katika miaka ya 1660 daktari Robert Wittie akawa anayasifu maji hayo katika maandishi yake, na maji ya bahari pia akayatia humo. Mwaka 1693 John Locke, yule mwanafalsafa, alitoa kitabu juu ya kulea watoto, akashauri mtoto aoshwe miguu kwa maji baridi kila siku, na viatu vyake viwe vyembamba hata viingize maji, ili azoee. Mwaka 1702 Sir John Floyer akaandika historia nzima ya kuoga maji baridi. Basi ikawa baridi ni dawa, na bahari ya kaskazini, kama mnavyoijua mliowahi kutia mguu, ina baridi ya kutosha kutibu dunia nzima.

Aliyekuja kuvuma zaidi ni Dk. Richard Russell wa Lewes. Mwaka 1750 alichapisha kitabu kwa Kilatini juu ya kutibu maradhi ya tezi kwa maji ya bahari, kuyaoga na hata kuyanywa. Kikafasiriwa kwa Kiingereza, wagonjwa wakamfuata katika kijiji cha wavuvi kilichokuja kuitwa Brighton, naye mwaka 1753 akajenga nyumba yake pale pale mbele ya maji. Mgonjwa aliingizwa baharini ndani ya kibanda cha magurudumu kilichokokotwa na farasi, akapokewa na mwanamke wa kazi hiyo aliyemshika na kumzamisha. Mmoja wao, Martha Gunn wa Brighton (1726–1815), alikuwa mtu mashuhuri kabisa. Mwaka 1789 mfalme George III mwenyewe alioga hivyo Weymouth, na alipoingia majini wapigaji muziki wakampigia wimbo wa taifa.

Watoto nao walizamishwa. Hapa ndipo nataka mtazame. Mtoto alikuwa mgonjwa mkuu wa bahari kabla hajawa mchezaji wake. Kifua kikuu cha tezi za shingo kiliwashika zaidi watoto na vijana, na ndicho kilichokuwa shabaha ya Dk. Russell. Mwaka 1791 John Coakley Lettsom na wenzake walianzisha hospitali Margate kwa ajili ya masikini wa London wenye maradhi hayo, wagonjwa wakaanza kupokewa mwaka 1796. Wafaransa walifungua hospitali ya bahari ya watoto huko Berck mwaka 1861, na mwaka 1869 ikaongezwa kubwa zaidi. Msicheke. Hata kufikia mwisho wa karne ya 19, katika kila watoto 1000 waliozaliwa Uingereza, karibu 150 hawakuifikia siku ya kutimiza mwaka. Mzazi aliyempeleka mtoto baharini alikuwa hatafuti starehe. Alikuwa anabembeleza roho ya mtoto isitoke.

Sehemu moja ya dawa ile ilikuwa ya kweli, ingawa sababu haikuwa chumvi wala baridi. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kuwa mionzi ya taa iliyo kama ya jua inaponya matege. Leo tunajua ni jua linaloupa mwili vitamini D. Jambo hili linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi tunaolea kaskazini, ambako jua la miezi ya baridi halifui dafu, na ndiyo maana watoto wetu hapa hushauriwa na wauguzi kupewa matone ya vitamini hiyo. Basi msiwacheke wazee wa Kizungu waliopeleka watoto pwani. Waliona kitu, wakakipa jina jengine.

Turudi kwenye reli. Treni ya London ilifika Brighton mwaka 1841, na Blackpool ikafikiwa mwaka 1846. Safari iliyokuwa ya matajiri ikawa ya karani na fundi. Mchoraji William Powell Frith alionyesha picha yake ya ufukwe wa Ramsgate mwaka 1854, ikanunuliwa na Malkia Victoria. Ukiitazama utaona kilichobadilika: mchanga umejaa familia, na mbele kabisa mtoto wa kike anaingizwa miguu katika maji. Hakuna anayezamishwa. Mgonjwa amekuwa mtoto wa kuchezea mchanga, na wakubwa wamepata kisingizio cha kukaa chini mbele ya watu. Mwaka 1871 ikaja sheria ya Sir John Lubbock ya siku za mapumziko ya mabenki, ikawapa wengi ruhusa ya siku moja moja ya kwenda huko.

Lakini wiki nzima ya likizo yenye malipo ilikuwa haipo kwa mfanyakazi wa kawaida. Na waliopata hiyo wiki walifikia katika nyumba za kupangisha ambazo, kwa kawaida, mgeni akishakula asubuhi hutakiwa atoke hata jioni, mvua isimvue. Fikirieni mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, nepi zimelowa, mvua ya Kiingereza inanyesha, hana pa kumlaza. William Butlin, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1899, alieleza kuwa aliwaona watu wa hali hiyo Barry Island, katika pwani ya Wales, na hapo likamjia wazo la kambi. Kambi yake ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Skegness mwezi wa Aprili 1936: chumba chako, chakula mara tatu, michezo imo ndani ya bei, na tangazo lake likiahidi likizo ya wiki kwa mshahara wa wiki. Mwaka 1938 Bunge likapitisha sheria ya likizo yenye malipo, na biashara ile ikapanuka.

Kambi za Butlin zilikuwa na kitu kimoja kinachonigusa kila nikisomesha somo hili. Wazazi walipokuwa ukumbini wanacheza dansi, wafanyakazi walizunguka usiku baina ya vibanda wakisikiliza. Mtoto akilia, tangazo hutolewa ukumbini: mtoto analia kibanda namba fulani. Mama huweka bilauri chini, akaenda. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa kazi ya kiwanda alipata usiku wa kukaa na mumewe bila ya mama yake wala dada yake kumshikia mtoto. Sitaki mtu aidharau kambi ile. Ilikuwa ukombozi wa mama.

Ila ulikuwa na masharti. Ili mtoto alale salama na mama acheze dansi, lazima pawe na uzio, na lango, na mtu wa kujua nani kaingia. Jirani, shangazi na bibi, waliokuwa wakifanya kazi ile bure, wakaondoka katika hesabu, nafasi yao ikajazwa na mfanyakazi wa zamu. Mpango huo ndio uliosafiri dunia nzima. Mwaka 1950 Vladimir Raitz aliwapakia Waingereza katika ndege ya kukodi kwenda kambi ya mahema huko Calvi, Corsica, kila kitu kimo kwa paundi 32 na shilingi 10. Mwaka huo huo Gérard Blitz, Mbelgiji, akaanzisha Club Méditerranée kwa kambi ya Alcúdia, Mallorca, na mwaka 1967 wakaongeza klabu ya watoto, unamkabidhi mwanao asubuhi. Hoteli tunazoziona leo kuanzia Diani mpaka Nungwi, zenye bangili ya plastiki mkononi na mama wa zamu katika chumba cha michezo, ni wajukuu wa Skegness na Alcúdia.

Sasa tuulize suala la mwanahistoria: lango likishakuwepo, linamzuia nani?

Huko Marekani jawabu lilikuwa wazi. Willa na Charles Bruce, mke na mume weusi, walianza mwaka 1912 kuendesha mahali pa kupumzikia familia za watu weusi ufukweni Manhattan Beach, California. Mwaka 1924 baraza la mji likaamua kuwanyang'anya kwa kisingizio cha kutengeneza bustani. Ardhi ilirejeshwa kwa vitukuu wao mwaka 2022, karibu karne nzima baadaye, nao mwaka uliofuata wakaiuza kwa serikali ya kaunti kwa karibu dola milioni 20. Na kule Chicago, tarehe 27 Julai 1919, kijana wa miaka 17, Eugene Williams, alielea majini akavuka mstari usioonekana baina ya upande wa weusi na wa weupe, akapigwa mawe, akazama. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Afrika Kusini waliandika sheria yao ya mwaka 1953 ya kutenganisha mahali pa umma, na fukwe hazikufunguliwa kwa wote mpaka mwezi wa Novemba 1989.

Lakini hata katika ubaguzi wa namna ile, mwanamke mweusi aliweza kuwepo akiwa na mtoto mweupe mkononi. Tazameni picha ya Peter Magubane ya mwaka 1956 ya benchi la Johannesburg lililoandikwa kuwa ni la Wazungu tu: mtoto wa kike wa Kizungu kakaa juu yake, na mlezi wake Mwafrika kakaa nyuma, upande wa pili. Neno letu yaya limepita njia hiyo hiyo ya dola na watoto wao: Mreno aliita aia, India ikawa aya, likatufikia sisi. Yaya huingia langoni. Akija yeye na mwanawe, ni habari nyengine.

Tufike kwetu. Je, kabla ya hoteli mtoto wa Kiswahili na bahari walikuwa na uhusiano gani? Watalii wengi, na hata baadhi ya wataalamu, husema Waswahili hawana utamaduni wa ufukwe, kwa sababu hawawaoni wamelala juani. Ajabu ya maneno. Pwani kwetu, kwa maana yake khasa, ni ile ardhi inayofunuka maji yakipwa, na ardhi hiyo ina ratiba na wenyewe. Wanawake hutoka kwa bamvua kuchokoa pweza na kuokota chaza na kutanda dagaa kwa nguo. Makumbi huzikwa mchangani yaoze, yapigwe, yawe kamba. Madema husukwa kivulini, ngarawa hupigwa kalafati. Huko Unguja, tangu mwaka 1989, ukaongezeka ukulima wa mwani katika vijiji vya mashariki, nao pia umekuwa zaidi mikononi mwa wanawake. Mtoto mdogo alikuwepo katikati ya yote hayo, amefungwa mgongoni au kaachwa juu ya mchanga na nduguye wa miaka saba. Na siku ya Mwaka, watu walikwenda kuoga bahari alfajiri, wakubwa na wadogo. Kwa hiyo tulikuwa na ufukwe na tulikuwa na watoto. Tulichokosa ni wazo la kwamba pwani ni mahali pa kutokufanya kitu.

Wazo hilo lililetwa na masetla. Karne ya 19 Mzungu aliiogopa pwani yetu kwa homa na vifo. Kufikia miaka ya 1930 mambo yaligeuka: masetla wa bara ya Kenya waliamini kuwa mwinuko wa milima na jua la ikweta vinadhuru mishipa ya fahamu, khasa ya wanawake na watoto, hivyo dawa ni kuteremka baharini wiki chache kwa mwaka. Ndipo zilipoanza hoteli za mwanzo za Malindi kwa ajili yao. Ni dawa ile ile ya Dk. Russell, imepanda meli, imegeuzwa: Brighton ilitafutwa kwa ukali wake, Malindi kwa utulivu wake. Na yaya alikuja nao, akashika mtoto ufukweni, akasema naye Kiswahili. Watoto wengi wa masetla walikua wakijua Kiswahili cha jikoni kwa ajili hiyo. Likumbukeni hili, nitalirudia.

Baada ya uhuru suala lilizungumzwa kwa uwazi, angalau Dar es Salaam. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu waliuliza katika gazeti la The Standard kama hoteli za watalii zina nafasi katika ujamaa, na majibizano yale yakakusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Wapo waliotetea fedha za kigeni, wapo walioogopa taifa la watumishi. Ukiwasoma leo utaona pande zote mbili zilimfikiria mgeni kuwa ni Mzungu. Hakuna aliyebashiri kwamba baada ya miaka hamsini mgeni atakuwa mtoto wa Makadara au wa Malindi ya Unguja, mwenye paspoti ya kigeni, anayekuja na mjukuu wao.

Hapo ndipo lilipo fundo, na naomba niseme lililonifika mimi, kwa sababu mfano wa mtu mwenyewe unaonyesha mambo yasiyomo katika nyaraka.

Disemba moja binti yangu na mumewe walichukua chumba katika hoteli moja Diani, nami nikafuatana nao. Mjukuu wangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ndiyo kwanza anakwenda tata. Mama mdogo wangu, aliyepita miaka sabini, anakaa Ukunda, si mbali. Akaja na pikipiki kumwona kitukuu wake, kavaa buibui lake la safari, kabeba mkate wa sinia. Langoni akaambiwa asiye mgeni wa hoteli hulipa kiingilio cha siku, na chakula cha nje hakiruhusiwi. Askari alikuwa kijana wa pale pale. Alimwamkia vizuri, “Shikamoo, bibi,” na uso umemwiva kwa haya, lakini sheria si yake. Niliposhuka nikataka kulipa. Mama mdogo akakataa. “Mwanangu,” akaniambia, “mimi nilipe kiingilio cha kuja Diani? Watu wamesali msikiti wa Kongo hapa kabla hapajawa na lango. Mteremshe mtoto kwa chini, tutaonana pwani.”

Akazunguka kwa kile kijia chembamba kinachopita baina ya kuta mbili za hoteli, akatokea mchangani, maji yanakupwa. Tukakaa kwenye mchanga mbichi, nje ya mpaka wa viti vya hoteli, na hakuna aliyetusogelea, manake pale si pa mtu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema ardhi yote baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Mama mdogo hakuwa ameisoma Katiba. Alikuwa anajua tu.

Sasa sikilizeni. Mjukuu wangu alikuwa na maneno machache ya Kiswahili, yote nilimfundisha mimi kwa simu ya video, na moja lilikuwa “kaa”. Nikisema “kaa”, yeye huketi. Mama mdogo akaona kaa mdogo anatoka tunduni, akamwonyesha kwa kidole kwa furaha: “Kaa! Kaa!” Mtoto akaketi chini mara moja, pu, katika maji. Mama mdogo akacheka hata machozi. Akamshika mkono, akampeleka mpaka kwenye tundu, akamrudia neno lile, na kaa mwengine alipotoka mtoto akaelewa kuwa neno moja lina mambo mawili. Katika siku tano za hoteli lile ndilo neno jipya la Kiswahili alilolipata. Ndani ya ukuta kila mfanyakazi aliyempenda, na walimpenda sana, alisema naye Kiingereza. Hao ni Wadigo, Wagiriama, Wakamba na Waswahili, watu wenye Kiswahili kinywani mwao. Wamefundishwa kazini kuwa mgeni husemeshwa hivyo.

Linganisheni basi. Mtoto wa setla wa miaka ya 1930, katika ufukwe wa Malindi, alijifunza Kiswahili kwa yaya. Mtoto wa kitukuu wa pwani hii hii, katika ufukwe wa leo, amezungukwa na Waswahili na hasikii Kiswahili. Sizungumzii ubaya wa mtu yeyote. Ni mpango wenyewe, ule tulioufuata tangu Skegness: mtoto atunzwe na wa zamu, jamaa wakae nje.

Usiku nilimweleza binti yangu mawazo haya, naye akanijibu jawabu ambalo mwanahistoria lazima aliandike. “Baba,” alisema, “nyinyi mlilelewa na nyumba nzima. Mimi namlea mtoto katika ghorofa ya nne, mimi na mume wangu tu, mwaka mzima silali. Nikifikia kwa watu Mombasa, nitapika, nitapokea wageni, nitaambiwa mtoto kakonda. Hapa nimelala saa nane mfululizo. Usininyang'anye.” Nilinyamaza, kwa sababu ni maneno ya mama wa Skegness wa mwaka 1936, na yule mama tumekubaliana alikuwa na haki. Hoteli haikumnyang'anya binti yangu jamaa zake. Jamaa zake walikuwa wameshakuwa mbali maili elfu nne, na aliyewaweka mbali ni mimi niliyehama. Hoteli iliuza kilichokwisha kukosekana.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema hoteli ni aibu, turudi kulala ukumbini kwa shangazi. Wala sikubaliani na wanaoona hakuna kilichopotea. Historia inatuonyesha kuwa mapumziko ya mama na lango la hoteli vilikuja pamoja, lakini si lazima vibaki pamoja. Fukwe za Afrika Kusini zilifunguliwa na hoteli zake zikabaki. Ardhi ya kina Bruce ilirejeshwa baada ya karibu karne. Malango ni kazi ya watu, na watu huyabadilisha wakidai.

Naona mambo matatu yako mikononi mwetu. La kwanza, vijia vile baina ya kuta. Kila mwaka tunasikia kijia fulani kimezibwa, wavuvi na kina mama wa pweza wanazunguka mbali. Sisi wenye fedha za kigeni ndio wageni ambao hoteli inawasikiliza. Kabla ya kulipa, tuulize: watu wa hapa wanapita wapi kwenda pwani? Na jamaa yangu mzee anaingiaje? Suala hilo likiulizwa na wateja mia, meneja atalifikisha juu. La pili, lugha. Tuwaambie wafanyakazi siku ya kwanza kabisa, huyu mtoto semeni naye Kiswahili. Niliwaambia siku ya nne, nikaona nyuso zao zilivyofunguka. Mpishi wa mayai alimfundisha “moto” na “baridi” kwa asubuhi moja.

La tatu ni kazi yetu wenyewe hapa. Tunazo tasnifu juu ya Brighton na Blackpool za kujaza chumba, lakini historia ya pwani kama mahali pa mtoto wa Kiswahili, nani alimshika mama akichokoa pweza, michezo gani ya mchangani, nyimbo gani, mtoto aliogeshwa bahari kwa maradhi gani, bado imo katika vichwa vya kina mama mdogo wetu waliopita miaka sabini. Kila mmoja wetu anaye mmoja wao. Safari hii mkienda, chumba cha hoteli chukueni kwa raha zenu, lakini muulize maji yanakupwa saa ngapi, mchukueni mtoto na simu ya kunasia sauti, mteremke mkakae naye chini. Nami nitafurahi kuletewa mtakachokipata, kutoka Lamu mpaka Kilwa, na kutoka kwa jamaa wa Sur na Muscat pia, maana nao wana pwani yao na bibi zao.

Naomba kuwasilisha. Mwenye kunikosoa karibu.

Wasalaam.